Somo la Mwezi: Kulinda Tandiko na Vipuri vya Baiskeli Dhidi ya Wizi

Linapoibwa tandiko la baiskeli, ambalo wengi huliita siti, mara nyingi hakuna anayepiga yowe. Mwenye mali hurudi alikoiegesha baiskeli, hukuta bomba tupu linatazama juu, husonya, kisha huisukuma hadi nyumbani. Kesho yake huenda gulioni kutafuta tandiko lililotumika kwa bei nafuu, na muuzaji humpatia bila maswali. Tandiko hilo laweza kuwa la mtu wa kijiji cha pili, ambaye naye aliisukuma baiskeli yake juzi. Hivyo wizi mmoja huzaa ununuzi, na ununuzi huo huzaa wizi mwingine.

Somo hili linaeleza namna ya kuukata mzunguko huo kwa njia tatu: kufanya kipuri kiwe kigumu kuondolewa, kukifanya kitambulike kikishaondolewa, na kumkosesha mwizi mnunuzi. Njia ya kwanza iko mikononi mwa mwenye baiskeli. Nyingine mbili zinahitaji fundi, muuzaji, mnunuzi na serikali ya kijiji washirikiane.

HASARA ILIYO NYUMA YA TANDIKO

Katika kata za vijijini baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba madumu ya maji kutoka kisimani, mahindi hadi mashineni, pamba hadi ghala la chama cha msingi, maziwa ya asubuhi kwa wateja, na mwanafunzi wa sekondari anayesoma mbali na kwao. Katika miji kama Shinyanga na Tabora hubeba hata abiria, na mwendeshaji hupata chakula cha siku kutokana na nauli ndogondogo. Baiskeli isiyo na tandiko haifanyi kazi hata moja kati ya hizo kwa usalama. Mwendeshaji hulazimika kusimama juu ya pedali njia nzima, mzigo wa nyuma humyumbisha, na akiteleza, bomba lililo wazi laweza kumjeruhi vibaya.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana upesi. Bomba la fremu linalopokea tandiko hushuka moja kwa moja hadi kwenye mhimili wa pedali. Likiachwa wazi wakati wa masika, maji ya mvua hutiririka mpaka kwenye gololi za mhimili huo, grisi huharibika na kutu huanza kula chuma. Mwenye baiskeli ambaye hakuliziba tundu hilo hujikuta baadaye akigharamia vipuri viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa aliyeibiwa ni kuziba: gunzi la mahindi lililofungwa kipande cha nailoni linatosha hadi tandiko jingine lipatikane.

Hasara ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni tuhuma. Matandiko ya baiskeli za aina moja hufanana kama punje za mtama. Mtu akiona tandiko linalofanana na lake juu ya baiskeli ya mwingine, huweza kupiga kelele za mwizi, na umati ukikusanyika hakuna anayesubiri ushahidi. Kijana aliyenunua tandiko kwa fedha yake halali anaweza kuumizwa au kupoteza maisha kwa sababu ya kipuri ambacho hakuna awezaye kuthibitisha ni cha nani.

KWA NINI MWIZI HUPENDELEA VIPURI

Anayeiba baiskeli nzima hubeba mzigo mkubwa wa hatari. Baiskeli huonekana kwa mbali, majirani huitambua kwa rangi na mapambo yake, na fremu nyingi zimegongwa namba kiwandani. Tandiko halina namba ya namna hiyo. Huingia ndani ya mfuko wa salfeti, huingiana na baiskeli nyingi, na hupata mnunuzi siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa gurudumu la mbele, pedali, taa, dainamo, kengele na pampu.

Sababu nyingine ni urahisi wa kufungua. Katika baiskeli za muundo wa zamani, kama vile Phoenix, tandiko hubanwa kwa nati ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana ya namba 13 au 14, na nati za gurudumu la nyuma la baiskeli nyingi hufunguliwa kwa namba 15. Spana hizo zimo katika kila kibanda cha fundi, na huweza kufichwa mfukoni.

Baiskeli nyingi za mtumba zina udhaifu mkubwa zaidi. Tandiko lake, na mara nyingine magurudumu, hubanwa kwa wenzo mdogo unaofunguliwa kwa kidole bila spana yoyote. Wenzo wa namna hii ulipata umaarufu kutokana na kazi ya Mtaliano Tullio Campagnolo, aliyeubuni karibu na mwaka 1930 ili washindani wa mbio za baiskeli waweze kuondoa gurudumu upesi njiani. Kinachomfaa mshindani barabarani humfaa pia mwizi mnadani: tandiko huondoka kwa muda ule ambao mwenye mali anageuka kuulizia bei ya nyanya.

SEHEMU YA KWANZA: KUUCHELEWESHA MKONO WA MWIZI

Hakuna kinga isiyoshindika kabisa. Mwenye msumeno na nafasi ya kutosha atakata chochote. Lakini mwizi wa vipuri hutegemea kasi na ukimya; akilazimika kukaa dakika 5 mahali penye watu, wengi wao huacha. Mbinu zifuatazo zinalenga kumnyima kasi hiyo, na zote zinaweza kufanywa na fundi wa kijijini.

Kuondoa wenzo. Mwenye baiskeli ya mtumba amwombe fundi atoe wenzo wa tandiko na kuweka bolti na nati. Hiyo ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na gharama yake ni ndogo. Ikiwa wenzo lazima ubaki kwa sababu baiskeli hutumiwa na watu wa vimo tofauti, tandiko liondolewe kila baiskeli inapoachwa, na mwenyewe aende nalo. Bomba lifunikwe kwa nailoni ikiwa kuna dalili ya mvua.

Mnyororo chakavu. Fundi huchukua kipande cha mnyororo wa zamani wa baiskeli na kukivisha tyubu chakavu ili kisikwaruze rangi. Kipande hicho hupitishwa katika vyuma au springi zilizo chini ya tandiko, kisha huzungushwa kwenye vyuma viwili vya fremu vinavyoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ncha zake huunganishwa kwa kupigilia pini, kama mnyororo wowote unavyounganishwa. Hata nati ikifunguliwa, tandiko hubaki limeshikiliwa. Kipande kiachwe na ulegevu kidogo ili tandiko liweze kupandishwa au kushushwa. Waya wa breki hutumiwa na wengine kwa kazi hii, lakini koleo la kawaida huukata kwa urahisi; mnyororo ni bora.

Gololi katika tundu la bolti. Bolti nyingi za baiskeli za mtumba zina tundu la pembe sita kichwani. Gololi ndogo ya gurudumu la mbele, ambayo kipenyo chake hukaribia milimita 5, huingia vizuri katika tundu la milimita 5. Ikishaingia, juu yake hudondoshewa nta ya mshumaa. Spana ya mwizi haipati mahali pa kushika. Mwenye mali akitaka kufungua, huichokonoa nta kwa msumari na kuitoa gololi kwa sumaku. Gundi kali hushika zaidi kuliko nta, ila humpa kazi hata mwenye baiskeli.

Kuponda ncha ya bolti. Ikiwa baiskeli inatumiwa na mtu mmoja na kimo cha tandiko hakibadiliki, ncha ya bolti inayotokeza nje ya nati inaweza kupondwa kwa nyundo ili nati isitoke. Siku ya matengenezo bolti hiyo itakatwa kwa msumeno na kununuliwa nyingine. Kabla ya kufanya hivyo, bomba la tandiko lipakwe grisi, maana likishikana na fremu kwa kutu, kulitoa ni shida.

Kuchomelea hakushauriwi. Wapo wanaochomelea tandiko moja kwa moja kwenye fremu. Moto wa kuchomelea unaweza kuudhoofisha ukuta mwembamba wa bomba, nayo fremu ikivunjika chini ya mzigo, hasara yake hupita thamani ya matandiko mengi.

Vitu vinavyochomoka kwa mkono, yaani pampu, taa, kengele ya kubana na mfuko wa spana, haviachwi kwenye baiskeli. Viingizwe kikapuni na kwenda na mwenyewe.

SEHEMU YA PILI: KUFUNGA NA KUEGESHA

Kufuli la duara lililofungwa kwenye gurudumu la nyuma huzuia baiskeli kuendeshwa. Halizuii kubebwa begani, wala halilindi gurudumu la mbele. Ni vema liongezewe mnyororo na kufuli la pili.

Mnyororo upite katika mambo matatu kwa pamoja: fremu, gurudumu la nyuma, na kitu kilichosimikwa imara. Anayefunga gurudumu la mbele pekee huweza kurudi na kulikuta gurudumu hilo peke yake limefungwa vizuri kwenye nguzo. Mnyororo ukiwa mrefu, upitishwe pia katika gurudumu la mbele na chini ya tandiko. Usiachwe ukilala ardhini, kwa kuwa kufuli lililoegemea jiwe au sakafu hupondwa kwa urahisi. Likae juu, na tundu la ufunguo litazame chini. Nguzo iwe ndefu kiasi kwamba baiskeli haiwezi kunyanyuliwa na kupitishwa juu yake, na mti usiwe mchanga wa kukatwa kwa panga.

Wawili wanaofika pamoja kwenye zahanati, msikitini, kanisani au gulioni wanaweza kuzifunga baiskeli zao kwa mnyororo mmoja, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Baiskeli mbili zilizofungwa hivyo hazibebeki kirahisi, na kila mwenyewe huwa na jicho la pili.

Mahali pa wazi ni bora kuliko uchochoroni. Wengi huificha baiskeli nyuma ya ukuta wakidhani wameilinda, kumbe wamempa mwizi chumba cha kufanyia kazi. Iegeshwe panapopita watu, mbele ya duka au ofisi, na mwenye duka aombwe kuitazama.

Kamati za shule, zahanati na masoko zinaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Bomba la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili za zege, kwa kimo cha goti hadi kiuno, linatosha kufungia baiskeli nyingi kwa safu. Penye vijana wanaolinda baiskeli kwa ada siku ya mnada, utaratibu wa kadi huondoa ugomvi: kadi hukatwa vipande viwili vyenye namba moja, kimoja hufungwa kwenye baiskeli na kingine huchukuliwa na mwenyewe. Asiye na kipande hapewi baiskeli, hata akiwa anafahamika.

SEHEMU YA TATU: ALAMA NA DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inahusu vipuri kuliko mali nyingi nyingine, kwa kuwa kipuri kisicho na alama hakina wa kukisemea.

Alama nzuri ni fupi, haifutiki kwa kitambaa, na inaonyesha mtu na mahali. Herufi 2 za jina la mwenye mali, herufi 2 za kijiji na namba atakayopewa katika daftari la kijiji zinatosha. Mafundi wa kuchomelea wengi wana herufi za chuma za kugongea. Asiyezipata anaweza kuchora kwa msumari mgumu wa zege. Alama iwekwe chini ya tandiko kwenye sehemu ya chuma, kwenye bomba la tandiko, kwenye keria na kwenye pedali. Kwenye rimu na fremu ichorwe tu na isigongwe kwa nguvu, kwani chuma chembamba hubonyea. Rangi hufaa kama nyongeza, ila ikiwa peke yake hukwanguliwa.

Pamoja na alama ya nje, iwekwe na ya siri. Karatasi yenye jina na kijiji, ikifungwa katika nailoni na kusukumwa ndani ya bomba la tandiko au la usukani, hukaa miaka mingi bila mwizi kuijua. Siku ya ubishi, mbele ya mtendaji au askari, bomba hufunguliwa na karatasi hutoa ushahidi.

Kila kaya yenye baiskeli iandike mambo yafuatayo katika daftari: aina na rangi ya baiskeli, namba ya fremu, alama zilizowekwa na mahali zilipo, tarehe na mahali iliponunuliwa, pamoja na jina la muuzaji. Stakabadhi ihifadhiwe humo. Namba ya fremu hupatikana mara nyingi chini ya mhimili wa pedali, au juu karibu na tandiko. Tope na grisi zikifutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, husomeka. Mwenye simu ya kupiga picha apige picha ya baiskeli nzima, ya namba na ya kila alama.

Baiskeli au kipuri kikiuzwa kihalali, alama ya zamani isikwanguliwe. Mmiliki mpya aongeze yake pembeni, na pande mbili ziandikiane hati fupi ya mauziano mbele ya shahidi. Alama iliyokwanguliwa huamsha shaka. Alama mbili zenye hati husimulia safari halali ya kipuri.

SEHEMU YA NNE: KUMKOSESHA MWIZI MNUNUZI

Wapo wanaoamini kwamba kosa ni la aliyeiba, na kwamba aliyenunua amejisaidia tu. Sheria haisemi hivyo. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, wizi wa kawaida huweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 7. Anayepokea au kubaki na mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Mpokeaji amewekewa adhabu kubwa zaidi kwa sababu inayoeleweka: pasipo mpokeaji, mwizi wa matandiko hubaki na kitu kisichomlisha.

Mnunuzi makini huuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Kipuri hiki kimetoka wapi? Kina alama ya nani? Je, muuzaji yuko tayari kuandika jina lake na namba yake ya simu? Bei iliyo chini mno, haraka ya muuzaji na alama iliyokwanguliwa ni dalili zinazotosha kumfanya mtu arudishe fedha mfukoni.

Fundi ana nafasi ya pekee, kwa kuwa vipuri vingi vilivyotumika hupita mikononi mwake. Daftari lenye tarehe, kipuri, alama, jina na simu ya aliyekileta humlinda yeye mwenyewe kwanza. Siku kipuri cha wizi kikikutwa kibandani, fundi mwenye daftari huwa shahidi, ilhali asiye nalo hujikuta akijieleza.

Kijiji kinachotaka utaratibu huu uwe wa lazima kina njia ya kisheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ambayo hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Wananchi wanaweza kuliombea jambo hili nafasi katika ajenda ya mkutano wao ujao.

SEHEMU YA TANO: WIZI UKISHATOKEA

Aliyeibiwa azibe bomba, kisha awaulize walio karibu kabla hawajatawanyika. Siku hiyohiyo atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kituo cha polisi, akiwa na daftari lake, na asiondoke kituoni bila namba ya RB. Tandiko moja laonekana dogo mno kupelekwa polisi, lakini taarifa nyingi za eneo moja huonyesha siku, saa na mahali wizi unapojirudia, na doria hupangwa kwa kufuata taarifa hizo.

Akikiona kipuri chake kwa mtu mwingine, asikipokonye wala asipige kelele. Aangalie alama kwa utulivu, kisha amwite mtendaji, mgambo au askari. Aliyekutwa nacho apewe nafasi ya kueleza alikokinunua. Pengine ndiye atakayewaongoza hadi kwa muuzaji. Anayemkuta mwizi akiwa kazini anaweza kumzuia, lakini wajibu wake ni kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Wanaompiga mtuhumiwa hutenda jinai wao wenyewe, na akifa, mashtaka huwa ya mauaji. Tandiko hununuliwa tena gulioni. Uhai hauna duka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KITONGOJI

1. Ni mahali gani katika kijiji chenu baiskeli huegeshwa nyingi kwa pamoja, na ni nani anayezitazama?
2. Mafundi wenu wana daftari la vipuri vilivyotumika? Ikiwa hawana, kinawazuia nini?
3. Matandiko mawili yanayofanana yakigombaniwa leo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ataamua kwa ushahidi gani?

ZOEZI LA NYUMBANI

Kabla ya gulio lijalo, kila mwenye baiskeli afanye mambo manne: aitafute namba ya fremu na kuiandika; aweke alama chini ya tandiko; aingize karatasi ya siri ndani ya bomba; na ampelekee fundi baiskeli yenye wenzo ili ibadilishiwe bolti. Kazi hiyo yote humalizika asubuhi moja.